Kesi Mahakamani, Saa ya Kibali Inakimbia

Maswali ya wasomaji: ardhi, mawe na madini

Barua za mwezi huu zimetoka Njiru, Mlolongo, Kitengela na katikati ya jiji, na karibu zote zinazunguka jambo moja: kibali cha kuchimba kinazidi kuhesabu siku huku mwenye kibali yuko kortini. Tumechagua saba. Majibu yanahusu sheria ya Kenya, hasa Sheria ya Madini Nambari 12 ya 2016 na zile zinazoizunguka. Ni jibu moja tu linalovuka mipaka.

SWALI: Kampuni yetu ndogo ina kibali cha kuchimba mawe ya ujenzi. Majirani walitushtaki katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi na tukawekewa zuio la muda. Ni miezi 11 sasa hatujatoa hata lori moja, na kibali kinaisha Novemba. Tutarudishiwa hiyo miezi? – Mkurugenzi, Mlolongo

JIBU: Hapana, haitarudi yenyewe. Zuio linafunga mikono yako, halifungi kalenda. Kibali si hati ya kumiliki mawe. Kifungu cha 62 cha Katiba kinayaweka madini yote katika ardhi ya umma, na serikali ya kitaifa inayashika kwa niaba ya wananchi. Ulichopewa ni ruhusa ya muda uliotajwa. Mwenye uwezo wa kuongeza muda ni yule aliyepewa uwezo huo na sheria, yaani Waziri wa Madini, na ndiyo maana kifungu cha 31 kinaipa Bodi ya Haki za Madini kazi ya kumshauri kuhusu kutoa, kukataa, kuhuisha, kusimamisha na kufuta haki hizo. Jaji anaweza kuizuia wizara au kuishurutisha ifanye kazi yake, lakini hawezi kuiandikia kibali.

Kuna mawakili watakaokutajia kifungu cha 59 cha Sheria ya Tafsiri, Sura ya 2. Kinasema kwamba pale ambapo sheria imeweka muda na kumpa mtu uwezo wa kuuongeza, uwezo huo unaweza kutumika hata baada ya muda kupita. Ni kifungu kizuri, ila soma sharti lake: lazima sheria nyingine iwe imeshatoa uwezo wa kuongeza. Kifungu hicho kinakuruhusu kupita mlangoni ukiwa umechelewa. Hakijengi mlango pale ambapo kuna ukuta.

Kwa hivyo usiingoje kesi. Wasilisha ombi la kuhuisha kibali sasa hivi kupitia daftari la madini la mtandaoni, na uhifadhi risiti yenye tarehe na saa. Hoja yoyote utakayotoa baadaye itaegemea jambo moja: je, ombi lilikuwa mezani kabla ya kibali kufa? Kila aina ya haki ina kipimo chake cha siku za kuomba kabla ya muda kuisha, kwa hivyo fungua sehemu ya Sheria inayohusu kibali chako wala usibahatishe kwa kuangalia cha jirani. Ushauri wetu kwa walio na haki kubwa zaidi ni kuanza kuandaa makaratasi mwaka mzima mbele.

Kosa tunaloliona sana ni hofu kwamba kuomba kuhuisha ni kudharau mahakama. Chukua amri yenyewe, siyo simulizi yake. Ikiwa imekataza "kuchimba, kulipua na kusafirisha mawe", kujaza fomu si kuchimba. Ikiwa imekataza "kushughulika na kibali kwa namna yoyote", hapo umefungwa kweli, na dawa yake ni kurudi kwa jaji yuleyule chini ya Oda ya 40, kanuni ya 7 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010, uombe amri irekebishwe ili ombi la kuhuisha liruhusiwe.

Ndani ya ombi weka nakala ya amri yenye muhuri, jedwali la siku mlizosimama (tarehe ya kuhudumiwa amri hadi leo), ripoti za uzalishaji za kabla ya zuio, mpango mpya wa kazi unaoonyesha jinsi mtakavyochimba akiba iliyobaki, na mpango wa kufukia mashimo. Itaje kesi wazi, pamoja na nambari yake. Kuificha ni kumpa afisa sababu ya kusema mlidanganya, na sababu hiyo itaishi kuliko kesi yenyewe.

Halafu kuna ada za mwaka. Wachimbaji wengi huacha kulipa kwa kuwa hawachimbi. Wakija kuomba kuhuishwa, wizara haihitaji hata kuitaja kesi, inataja deni. Lipeni kama kawaida, na ripoti za mara kwa mara pelekeni hata kama zina sifuri tupu. Angalieni pia vibali vidogo vinavyoning'inia kwenye kile kikubwa: leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na masharti yake, ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka, ruhusa ya baruti chini ya Sheria ya Vilipuzi, kibali cha biashara cha kaunti. Kila kimoja kina saa yake, na zuio halijasimamisha hata moja.

Sasa jambo ambalo huenda mkurugenzi halijui. Oda ya 40, kanuni ya 6 inasema kwamba kesi isipoamuliwa ndani ya miezi 12 tangu zuio la muda litolewe, zuio linakufa, isipokuwa mahakama, kwa sababu ya kutosha, iamue vingine. Wewe uko mwezi wa 11. Usipeleke tingatinga timboni siku ya 366 ukiwa na kalenda mkononi, kwa maana majirani wanaweza kuwa wameshaomba liongezwe, na amri ya kuongeza inaweza kuwa kwenye mfumo wa mahakama wa mtandaoni bila wewe kuiona. Tafuta faili, soma kila amri iliyotolewa, kisha wakili wako aandikie upande wa pili na aitajie mahakama siku ya kutajwa kwa kesi kwamba zuio limekwisha. Na hakikisha kwanza kwamba mlichowekewa ni zuio la Oda ya 40. Agizo la kulinda hali lililotolewa katika ombi la kikatiba, "hadi ombi litakaposikizwa na kuamuliwa", halianguki kwa kanuni hiyo.

Kuhusu hasara: je, majirani waliahidi mahakamani kwamba wataifidia kampuni ikibainika kuwa zuio halikustahili? Mahakama inaweza kulidai sharti hilo inapotoa zuio. Kama lilidaiwa, pesa mnaweza kuzifuata kesi ikiisha. Kama halikudaiwa, na katika kesi za mazingira za maslahi ya umma mara nyingi halidaiwi, njia ni nyembamba. Kwa vyovyote vile ni pesa mtakazopata, si miezi.

SWALI: Sisi wakazi tulipata amri ya mahakama dhidi ya mwenye timbo. Sasa tumesikia kibali chake kimeongezwa kimyakimya na wizara, na usiku lori zinaingia. Hii si dharau ya mahakama? – Kamati ya wakazi, Njiru

JIBU: Hapo kuna mambo mawili, msiyachanganye. Lori za usiku zinaweza kuwa dharau. Kuongezwa kwa kibali huenda si dharau, hata kama kunaudhi. Amri inamfunga aliyetajwa ndani yake na aliyehudumiwa. Kama wizara haikuwa mdaiwa na amri haikugusa kibali, waliokiongeza hawajaivunja. Wamefanya uamuzi wa kiutawala, na uamuzi wa kiutawala una njia zake.

Anzeni kwa kuupata uamuzi wenyewe. Andikeni ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, muombe nakala ya barua ya kuongeza muda, ushauri wa Bodi ya Haki za Madini na kumbukumbu za kushirikisha umma. Wanatakiwa kuwajibu ndani ya siku 21. "Tumesikia" haitoshi mahakamani, na kesi nyingi za wakazi huangukia hapo: wanapinga karatasi ambayo hakuna aliyeiona.

Mkishaipata, angalieni tarehe. Ombi la kubatilisha uamuzi kupitia Oda ya 53 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai lazima lije ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ufanywe. Kwanza mnaomba ruhusa ya kufungua, na hapohapo mnaomba ruhusa hiyo isimamishe uamuzi. Ruhusa ikitolewa mna siku 21 za kuwasilisha ombi kamili. Hoja zenu ziko katika Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015: je, walioathirika waliarifiwa na kusikizwa kama kifungu cha 4 kinavyodai, na umma ulipewa nafasi kama kifungu cha 5 kinavyosema pale ambapo uamuzi unawagusa watu wengi?

Njia ya pili ni ombi la kikatiba kuhusu haki ya mazingira safi. Uzuri wake ni kifungu cha 70(3) cha Katiba: si lazima mwonyeshe kwamba kuna mtu aliyekwisha kupata hasara. Msiende dhidi ya Waziri kwa hati ya madai ya kawaida mkiomba zuio, kwani kifungu cha 16 cha Sheria ya Mashauri ya Serikali kinakataza zuio la namna hiyo dhidi ya serikali, na mawakili wa serikali wataanza na pingamizi hilo kabla hamjafungua mdomo. Agizo la kulinda hali katika ombi la kikatiba, au mapitio ya Oda ya 53, yanaepuka mtego huo.

Kwa lori: kifungu cha 29 cha Sheria ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya 2011 kinamtoza anayekaidi amri faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Oda ya 40, kanuni ya 3 nayo inaruhusu kukamata mali na kumfunga mtu jela ya madai hadi miezi 6. Msitegemee Sheria ya Kudharau Mahakama ya 2016. Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2018, na bado tunaona maombi yanayoinukuu. Ushahidi unaoshika ni huu: thibitisho kwamba amri ilihudumiwa kwa mhusika binafsi, picha zenye tarehe na mahali, nambari za lori, na hati ya kiapo ya mtu aliyeona kwa macho yake. Hati ya kiapo ya mwenyekiti aliyesimuliwa na mlinzi itapigwa kalamu.

Kama kinachowasumbua ni leseni ya NEMA badala ya kibali cha wizara, mlango ni Jopo la Kitaifa la Mazingira, ndani ya siku 60. Zamani kukata rufaa huko kulisimamisha shughuli papo hapo. Sheria ilibadilishwa, na sasa lazima mwombe jopo litoe amri ya kudumisha hali ilivyo. Kamati nyingi zinawasilisha rufaa halafu zinakaa kungoja timbo linyamaze. Halitanyamaza.

SWALI: Wizara ilikataa kuhuisha leseni yetu ya utafutaji madini. Tumepata amri ya kusimamisha uamuzi huo. Mshirika wetu anasema sasa tunaweza kurudi kazini. Ni kweli? – Upper Hill

JIBU: Mshirika wenu anawapeleka pabaya. Ukisimamisha "hapana" hupati "ndiyo". Mahakama ya Rufaa ilishalisema zamani katika Western College of Arts and Applied Sciences dhidi ya Oranga, uamuzi wa 1976: amri ambayo haikumwagiza mtu kufanya lolote haina cha kusimamishwa. Mlipokataliwa, leseni ilikuwa imekwisha au inakwisha kwa tarehe yake yenyewe. Kuuweka uamuzi wa kukataa kando hakuifufui. Kinachoweza kuwasaidia ni sheria kusema kwamba haki yenu inaendelea hadi ombi liamuliwe, au amri inayosema kwa maneno yake kwamba shughuli fulani ziendelee hadi kesi iishe. Someni amri yenu tena. Kama haimo, kila shimo mtakalochimba ni uchimbaji bila leseni, na hilo ni kosa la jinai ambalo kesi yenu haiwakingi.

Na hata mkishinda, msitarajie jaji awape leseni. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 1997 kuhusu Baraza la Mitihani, katika shauri la Njoroge, msimamo ni kwamba amri ya kushurutisha inamlazimisha afisa atimize wajibu wake, lakini haimlazimishi aamue upande unaoutaka wewe. Mtarudi wizarani, ombi litasikizwa upya, na muda utakaokuwa umepotea utakuwa umepotea. Ndiyo maana ni heri kuomba kesi isikizwe kwa haraka kuliko kukusanya amri za muda.

Jambo dogo lenye faida: kama hamkupewa sababu za kukataliwa, ziombeni kwa maandishi chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala. Afisa ana siku 30. Asipotoa, sheria inachukulia kwamba hakuwa na sababu nzuri, na hiyo ni silaha kuliko kurasa 40 za hoja.

SWALI: Mimi ni karani wa mawakili Milimani. Kila kesi ya machimbo inaishia na amri ya "hali ilivyo idumishwe", kisha pande zote mbili zinagombana kuhusu maana yake. Iandikwe vipi? – Karani

JIBU: Swali hili tumelipenda, kwa sababu nusu ya maombi ya kudharau mahakama katika kesi za machimbo yangeepukwa kwa sentensi nne.

Hali gani, na ya lini? Mwenye timbo atasema hali ilivyo ni kwamba alikuwa akichimba. Jirani atasema ni kwamba kesi imefunguliwa, kwa hivyo kila kitu kisimame. Wote wawili wanasema kweli. Andika siku: "kama ilivyokuwa tarehe fulani", na ueleze siku hiyo kulikuwa na nini, mashine ngapi, shimo lilifika wapi. Ambatisha mchoro wenye nukta za GPS za mipaka ya eneo. Sentensi ya "shamba la mdaiwa lililoko Katani" itawaletea kesi ya pili, kwani mashamba hapo yamegawanywa mara chungu nzima.

Kisha tenganisha shughuli. Kuchimba na kulipua ni jambo moja. Kuhamisha kokoto na mawe yaliyokwisha kukatwa ni jingine, na mara nyingi upande wa pili hauna neno kuhusu hilo la pili. Kusukuma maji nje ya shimo na kuimarisha kingo lazima viruhusiwe waziwazi. Shimo lililoachwa msimu mzima wa mvua linajaa, kingo zinaporomoka, na mtoto wa mtu anazama huku mawakili wakibishana kama pampu ni "shughuli". Walinzi pia wabaki.

Halafu ndiyo ile sentensi inayosahaulika kila mara: kibali. Iandikwe kwamba amri haimzuii mdaiwa kulipa ada, kuwasilisha ripoti na kuomba kuhuisha, na kwamba uamuzi wowote wa wizara kuhusu ombi hilo uarifiwe mahakama na pande zote ndani ya siku kadhaa, kwa mfano 7, kabla haujatekelezwa. Mlalamishi analindwa dhidi ya uamuzi wa kimyakimya. Mdaiwa analindwa dhidi ya kupoteza kibali kwa kesi ambayo huenda akaishinda. Ni vigumu kwa upande wowote kuikataa sentensi hiyo bila kujifichua.

Mwisho, tarehe ya kufa. Amri iliyotolewa bila kumsikiliza mwenzako haizidi siku 14 kwa kanuni ya 4 ya Oda ya 40, na isipohudumiwa ndani ya siku 3 inaanguka yenyewe. Makarani, siku hizo 3 ni zenu. Faili nzuri nyingi zimekufa kwenye meza ya karani aliyedhani Ijumaa haihesabiwi.

SWALI: Ndugu zangu wako katika ushirika wa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kampuni kubwa inasema eneo lao liko ndani ya leseni yake. Kibali cha ushirika kinakaribia kuisha. Waende kortini au kwa Waziri? – Msomaji, Kayole

JIBU: Kwa kugombania mpaka, waanze kwa Waziri. Kifungu cha 154 cha Sheria ya Madini kinatoa njia tatu: Waziri, upatanishi au usuluhishi mliokubaliana, au mahakama. Kifungu cha 155 kinataja mipaka waziwazi miongoni mwa mambo anayoweza kuyachunguza na kuyaamua. Wakikimbilia mahakamani kupinga uamuzi wa kiutawala wakati njia hiyo iko wazi, watakutana na kifungu cha 9(2) cha Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala, kinachomtaka mtu amalize kwanza njia za ndani. Kifungu cha 9(4) kinaruhusu kusamehewa sharti hilo, ila kwa hali isiyo ya kawaida na kwa kuomba.

Lakini malalamiko kwa Waziri nayo hayasimamishi saa ya kibali. Kibali cha mchimbaji mdogo hushughulikiwa na mwakilishi wa Mkurugenzi wa Madini katika kaunti, kwa hivyo ombi la kuhuisha liende huko sambamba na malalamiko yanayokuja Nairobi. Mafaili mawili, ofisi mbili, na kila moja lina nakala ya lingine. Ushirika mwingi hupeleka lile la malalamiko tu. Kibali kikiisha katikati ya uchunguzi, kampuni inasema ushirika hauna tena haki ya kugombania mpaka wowote, na ni vigumu kuijibu.

Wachukue pia vipimo vya GPS vya mashimo yao wenyewe sasa, wakiwa na mpimaji, na wavilinganishe na ramani ya daftari la mtandaoni. Tofauti ya pale ni hesabu, si maneno.

SWALI: Nasomea jiolojia chuoni. Kuna mfano wa leseni iliyokaa kortini miaka mingi, na ikawaje mwishoni? – Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Tuanze na wa nyumbani. Leseni maalum Nambari 351 ya Mrima Hill, Kwale, mlima wenye niobiamu na madini adimu, ilitolewa kwa kampuni ya Cortec tarehe 7 Machi 2013, siku 3 baada ya uchaguzi mkuu. Agosti mwaka huohuo ikafutwa. Kampuni ilishindwa mahakamani Kenya mwaka 2015, ikashindwa katika Mahakama ya Rufaa mwaka 2017, kisha Oktoba 2018 jopo la usuluhishi la ICSID, kituo cha kimataifa cha migogoro ya uwekezaji, nalo likaikataa kesi iliyokuwa ikidai zaidi ya dola bilioni 2. Sababu ni somo kwa kila anayeomba kuongezewa muda: Mrima ni msitu uliohifadhiwa na eneo la kumbukumbu la kitaifa, na leseni ilitolewa bila tathmini ya athari kwa mazingira iliyotakiwa na sheria. Kwa jopo, hapakuwa na haki iliyolindwa. Kisichozaliwa kihalali hakina umri wa kuongezwa. Kwa hivyo kabla ya kuuliza kibali kitaongezwa lini, uliza kama kilitolewa sawasawa. Ndilo swali ambalo mpinzani mwerevu ataanza nalo, hata kama kesi ilifunguliwa kuhusu vumbi.

Wa nje ni Solenex, leseni ya mafuta na gesi iliyotolewa mwaka 1982 katika eneo la Badger-Two Medicine, jimbo la Montana, Marekani, ardhi takatifu kwa watu wa Blackfeet. Serikali ya huko ina desturi ya kusimamisha leseni rasmi, na leseni ikisimamishwa siku hazihesabiki. Ilisimamishwa kwa miongo, ikafutwa mwaka 2016, ikarudishwa na jaji mwaka 2018, ikapigwa chini katika rufaa mwaka 2020, ikarudishwa tena mwaka 2022, na mwaka 2023 ikamalizwa kwa makubaliano ya kuiacha. Miaka 41, na hakuna kisima kilichochimbwa. Tofauti na yetu ni ile karatasi ya kusimamisha: pale saa iliwekewa mkono na mwenye mamlaka, si na kesi.

SWALI: Nilikodisha shamba langu kwa mwenye timbo. Mkataba wetu umeisha, tuko kortini, na yeye anasema kibali chake kimeongezwa kwa hivyo haondoki. – Mama mwenye shamba, Kitengela

JIBU: Mama, kibali si mkataba wa kukodi. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Madini kinataka idhini ya mwenye ardhi iliyosajiliwa kabla ya haki ya madini kutolewa juu ya shamba lake, ingawa idhini hiyo haifai kunyimwa bila sababu ya haki. Tafuta karatasi uliyotia saini mwanzoni. Huenda mlipeana makubaliano mawili, kodi na idhini, na kodi ndiyo iliyoisha peke yake. Kama idhini iliandikwa kwa miaka ileile ya kodi, wakili wako aiandikie wizara na nakala kwa Bodi ya Haki za Madini, akiambatisha hati ya umiliki, mkataba na nambari ya kesi, aseme wazi kwamba kibali kimeongezwa juu ya shamba lisilo na idhini hai. Apeleke kwa mkono na arudi na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Kodi akikuletea kesi ikiendelea, usiipokee kabla ya kuzungumza na wakili. Kuipokea kunaweza kusomwa kuwa umeufufua mkataba.